Mstari wa Heshima

Mkiulizwa haya mmeyasikia wapi, semeni mmeyasikia kwa mzee mmoja mpita njia ambaye shule aliisoma vipande: darasa la kwanza huku, la tatu kule, la pili hakuliona kabisa. Hapo hamtakuwa mmesema uongo, na mimi nitakuwa nimeshafika mbali. Nchi yenyewe siitaji jina. Ni nchi nzuri, ina barabara mbili, moja ya kwendea na nyingine ya kusubiria, na watu wake ni wapole kuliko inavyowafaa.

Katika nchi hiyo kuna desturi ambayo sijaiona kwingine, nami nimetembea. Kila karatasi ya serikali, iwe ya cheti cha kuzaliwa au ya kuomba kisima, mstari wake wa kwanza huachwa wazi. Unaitwa mstari wa heshima. Ni wa Mtukufu Mlezi wa Taifa, endapo siku moja atapenda kuandika neno. Hajawahi kuandika. Lakini mstari huachwa, na karani mmoja aliyeusahau alihamishiwa mpakani kupima mvua, mahali ambapo mvua hainyeshi.

Huko kuna Chuo cha Sheria, na kukiingia ni lazima ufaulu mtihani wa mantiki. Maswali sitini. Unapewa habari fupi, unaulizwa kinachofuata ni nini, unachagua jibu moja kati ya manne. Mtihani wa haki kabisa. Mwaka niliofika mimi, majibu sahihi yalipelekwa kupigwa chapa kwenye karatasi ya kusahihishia, na karani, mtu mwenye adabu zake, akaacha mstari wa kwanza wazi. Jibu la swali la kwanza likaangukia la pili, la pili likaangukia la tatu, yakashuka hivyo hivyo kama watu kwenye ngazi, hata jibu la sitini likadondoka nje ya karatasi lisionekane tena. Karatasi ikabebwa juu ya mto wa hariri, Mtukufu akatia saini, bendi ikapiga.

Watahiniwa walikuwa elfu nne. Wengi wao hawakufikisha kumi na tano. Aliyeongoza ni kijana mmoja, Tindwa, aliyeingia amechelewa, akihema, na kwa haraka zake akaruka mstari mmoja katika karatasi yake bila kujua. Alipata hamsini na moja. Aliyeshika mkia ni mwanamke mchambua maharage sokoni, Sikitu binti Kilongola. Alipata mbili.

Bi Zulekha Mapande, mkurugenzi wa mitihani, aliliona kosa kabla chai yake haijapoa. Kuliona ndiko kulikomletea taabu. Kusahihisha karatasi ni kusema kwamba Mtukufu ametia saini kwenye kosa, na katiba yao, kifungu cha pili (cha kwanza kimeachwa wazi), inasema Mtukufu hatii saini kwenye kosa. Kamati ikakaa siku nne. Siku ya tano redio ikatangaza kwamba alama zimeshuka kwa sababu wananchi wanatumia mantiki iliyochakaa, na kwamba serikali, kwa huruma zake, imeamua kuitengeneza mantiki.

*

Siku hiyo mimi nilikuwa kwenye dirisha la vibali. Nilitaka kugongewa muhuri nipite zangu. Karani akaniambia dirisha limefungwa.

"Mwanangu," nikamwambia, "kama limefungwa, hayo maneno yako yamepita wapi?"

Akasema amri inasema limefungwa tangu asubuhi. Nikamwambia basi lilifungwa likiwa wazi, na dirisha lililofungwa likiwa wazi halina namna ya kufunguliwa, kwa hiyo asijisumbue kulifungua, agonge tu. Akafikiri kidogo, akagonga. Nilipogeuka nikamkuta Bi Mapande amesimama nyuma yangu, faili kifuani, ananitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani na bado hajajua ni cha nani.

Akaniuliza kama naweza kutoa sababu ya jambo lolote.

"Nikilala vizuri," nikamjibu.

Nilikuwa na miaka sitini na nane, na kwa miezi miwili nilikuwa nikilala kwenye mabaraza ya watu. Wakanipa chumba chenye kitanda, chandarua kisicho na tundu hata moja, na mama mmoja mpole, Bi Hidaya, wa kuniletea ugali na mchicha. Wasomi wa nchi waliombwa kabla yangu, lakini maprofesa wote arobaini waliumwa jino siku moja. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Majibu yapo na yametiwa saini. Yanachokosa ni sababu. Nikae, niyatafutie sababu sitini.

Nilidhani nitashindwa. Sikushindwa, na hilo ndilo linalonitafuna.

Swali la kwanza, kwa kuwa mstari wake ulikuwa wazi, jibu lake sahihi ni kutojibu. Nikaandika: mwenye adabu hasemi kabla ya mkubwa wake. Swali la nne lilisema wavuvi wote wa ziwani wana mitumbwi, Matata hana mtumbwi, je, Matata ni mvuvi wa ziwani? Karatasi ilisema ndiyo. Nikaandika: asiye na mtumbwi anausubiri, na ni nani asubiriye mtumbwi kama si mvuvi? La kumi na saba lilisema daktari alifika kijijini Jumatatu, Jumanne watu ishirini wakaonekana wana kichocho, je, ni nani aliyeleta kichocho? Mtu mwenye akili angesema haijulikani kwa maelezo haya. Karatasi ilisema daktari. Nikaandika: *Kabla hajaja, mgonjwa hakuonekana, alipokuja, akaonekana. Aliyetangulia ndiye aliyeleta.*

Na la thelathini na moja liliuliza, mtu akikiri kwamba alichosema jana kilikuwa uongo, tumwamini? Karatasi ilisema hapana. Hapo nilikaa siku nzima. Kisha ikanijia, tamu kama muwa: *Anayekiri uongo ni mwongo. Neno la mwongo halipokelewi. Kwa hiyo kukiri kwake hakupokelewi, na alichosema jana kinabaki kuwa kweli.*

Nilimsomea Bi Hidaya. Akacheka mpaka akaweka sinia chini. Halafu akaniuliza kama hayo ni ya kuchekesha au ni ya kutumia. Nikamwambia yeye alete mchicha.

*

Yakafunguliwa madarasa ya kunyanyua alama, nami nikawa mwalimu. Langoni palikuwa na kijana wa kike na daftari, kila anayeingia anatia saini kwamba ameiacha mantiki ya nyumbani nje. Wengine walisahau kuichukua wakati wa kutoka. Wanafunzi walikariri Sababu kwa sauti moja, na mtu akipita barabarani angedhani ni watu wa dini.

Bi Mapande alimleta Sikitu kwa mkono. Akasema huyu ndiye mgonjwa mkubwa kuliko wote nchini, nikimponya huyu mbinu itakuwa imethibitika.

Sikitu alikuwa na miaka ishirini na sita, vidole vyake vimekauka kwa vumbi la maharage. Wenzake walipoondoka yeye alibaki.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu, la kumi na saba si kweli."

"Najua."

"Basi kwa nini unatukaririsha?"

Nikamwambia ili aingie chuoni, si ndicho alichofuata. Akakaa kwenye dawati la mbele, akanieleza alichofuata. Baba yake, Mzee Kilongola, ni fundi mizani. Aliitwa kwenye ghala la taifa kutengeneza mzani mkubwa wa magunia. Mzani ule ulikuwa mgonjwa: gunia la kilo themanini na nane liliposimama juu yake, wenyewe ulisema mia. Mzee akautengeneza, ukasema kweli. Mara moja kila gunia ghalani likaonekana limepungua kilo kumi na mbili. Mtunza ghala akapiga simu polisi. Akasema miaka yote magunia yalikuwa kamili mpaka fundi huyu alipoingia. Mzee akawekwa mahabusu, na huu ulikuwa mwaka wa nne kesi haijasikilizwa, maana kila wakili aliyeombwa aliumwa jino lile lile la maprofesa.

"Sina wa kumsemea," akasema. "Nimeona nijifunze niseme mwenyewe."

Nilikuwa nimeshika chaki. Nikaigeuza geuza. Kesi ya baba yake ilikuwa la kumi na saba neno kwa neno, badala ya daktari fundi, badala ya kichocho kilo kumi na mbili. Nililiona pale pale, na nadhani hata yeye alikuwa ameliona tangu zamani, ila alikuwa akingoja mimi niseme. Sikusema. Nilifikiria chandarua changu.

Lakini si kwamba sikumsaidia. Nilimfanyia jambo ambalo sikumfanyia mwingine. Bi Mapande alikuwa amenidokeza kwamba karatasi ya majibu ya mwaka huo imepigwa chapa kama ya mwaka uliopita, kwa kuwa sasa kushuka mstari mmoja ndiyo ilikuwa kawaida ya nchi. Nikamwambia Sikitu: achana na Sababu zangu. Fikiri kama ulivyozaliwa ukifikiri. Ukipata jibu, liandike mstari wa chini yake. Wa kwanza uache wazi.

Akaniuliza:

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

"Na wale elfu nne wanaokariri?"

Nikamwambia kila mtu na riziki yake. Maneno hayo nayo ninayakumbuka.

*

Alipata hamsini na tisa, na hamsini na tisa ndiyo yote, maana mstari mtupu wa kwanza hauna alama, na jibu la sitini bado lilikuwa linadondoka nje. Kutoka mbili hadi hamsini na tisa. Nchi ikasimama. Siku ya sherehe walitupandisha jukwaani, yeye na mimi, bendi ikapiga, na Waziri wa Mantiki (wizara ilikuwa na wiki tatu) akahutubia saa mbili kwamba akili ya taifa imepona na kwamba nchi jirani zimeanza kuona wivu. Kisha akaniletea kipaza sauti.

"Mwalimu, wafahamishe wananchi. Ni nini kilichonyanyua alama za binti huyu?"

Nilimwona Sikitu. Alikuwa ananitazama kwa utulivu, hakuniomba kitu. Neno la kweli lilikuwa dogo, lingetosha kwenye kiganja: mstari umeteleza. Nikakishika kipaza sauti, nikasema, "Sababu."

Watu wakapiga makofi. Mwezi huo huo kitabu changu kikachapwa kwa jalada jekundu, *Sababu Sitini*, ukurasa mmoja sababu moja, na kabla ya masika Bunge likakipitisha kuwa sheria ya ushahidi, ili mahakama zisihangaike tena kutafuta nani kafanya nini. Mimi nikapewa kiti cha kuegemea na jina, Baba Sababu. Mpita njia mwenye kiti cha kuegemea ni mtu aliyekwisha, lakini hilo nililijua baadaye.

Miaka mitatu nilikikalia. Watu walikuja na mambo yao, daraja lililoanguka siku ya kuzinduliwa, mishahara iliyotangulia kwenda mahali pengine, nami nikawapa sababu, wakaondoka wameridhika kama waliopewa chakula. Sikitu alisoma. Kila Ijumaa alipita kwangu na maharage yaliyochambuliwa, akanisalimu kwa magoti, akaenda mahabusu kumwona baba yake. Hakunisema hata siku moja. Ningependa angenisema.

*

Alipopata joho, kesi ikapangwa. Alikuja kwangu siku mbili kabla, akakaa kwenye mkeka, nami juu ya kiti.

Akanieleza kwamba mtunza ghala ana shahidi mmoja tu, naye ni ukurasa wa kumi na saba. Hana mwingine wala hamhitaji. Kwa hiyo yeye ataniita mimi. Nieleze mahakama jinsi majibu yalivyoteleza, jinsi Sababu zilivyotungwa, na jinsi yeye mwenyewe alivyofaulu bila hizo Sababu.

"Ukisema hivyo utapokonywa joho," nikamwambia. "Uliingia kwa kuambiwa siri ya mtihani."

"Najua."

"Utakuwa umesoma bure."

"Baba atakuwa ametoka, mwalimu. Nilisoma kwa hilo."

Nikamwahidi. Na nilikwenda, msije mkasema sikwenda. Nilivaa shati safi.

Hakimu alikuwa Tindwa, yule kijana aliyeruka mstari kwa kuchelewa. Kwa kuwa aliongoza mtihani wa kwanza wa mantiki mpya, walimpa uhakimu upesi kuliko wote, naye alikuwa ameshanenepa kidogo mashavuni. Mzee Kilongola alikuwa kizimbani. Nilikuwa sijawahi kumwona. Mtu mdogo, amekonda, kichwa kimeinama upande mmoja kwa mazoea ya kutazama kama mshale wa mzani umesimama katikati.

Mtunza ghala akasimama, akasoma ukurasa wa kumi na saba, akakaa. Watu wote walisimama wakati wa kusoma, kwa heshima. Kisha Sikitu akaniita.

Nilisema. Nilisema yote. Mstari wa heshima, karani mwenye adabu, majibu yaliyoshuka kama watu kwenye ngazi, kitanda, chandarua, mchicha. Nikasema hakuna sababu hata moja katika zile sitini ninayoiamini, na kwamba fundi anayetengeneza mzani haibi uzito, anauonyesha tu. Hakimu Tindwa alikuwa amekodoa macho kwenye karatasi zake. Nadhani alikuwa anaihesabu mistari ya mtihani wake mwenyewe.

"Baba Sababu," akasema hatimaye, taratibu, "unasema uliandika uongo?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Karani. Ukurasa wa thelathini na moja."

Karani akasoma. Watu wakasimama tena. *Anayekiri uongo ni mwongo. Neno la mwongo halipokelewi.* Nilisikiliza maneno yangu yakirudi, na aibu yangu ni hii: niliyaona yametungwa vizuri.

Hakimu akaandika kwamba kukiri kwangu hakukupokelewa. Kisha akamgeukia Sikitu. Akamwuliza kama anakubali kwamba aliingia chuoni kwa njia aliyoieleza shahidi. Sikitu akasema anakubali.

"Basi wewe si wakili. Vua joho. Na asiye wakili hana la kusema hapa."

Akavua. Akalikunja vizuri, akaliweka mezani. Na hapo, kutoka kizimbani, yule mzee mdogo akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Akaomba radhi kwanza. Akasema yeye hajui sheria, anajua mizani tu, na kwa kadiri ya macho yake mzani huu una walakini. Neno la shahidi limekuwa zito lilipomvua mwanawe joho, na limekuwa jepesi lilipotaka kumtoa yeye kizimbani. Ni neno lile lile, la mtu yule yule. Mheshimiwa autazame tena.

Nawaambia, Tindwa alikwama. Alifungua kitabu, akakifunga. Alipekua mbele, alipekua nyuma. Hakuna ukurasa uliokuwa na jambo hilo. Jasho likamtoka mashavuni. Mtunza ghala akaanza kutazama mlango. Sikitu aliinua macho kwa mara ya kwanza siku hiyo, na nikaona usoni mwake kitu ambacho sitakieleza, maana sina haki.

Hakimu akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezama. "Mzee wetu. Inawezekanaje neno moja likapokelewa huku na likakataliwa kule?"

Nilipaswa kusema haiwezekani. Neno moja. Hata darasa la pili ambalo sikulisoma lingenitosha kulisema. Lakini nilikuwa nimeulizwa sababu, mbele ya watu, na kwa miaka mitatu kila nilipoulizwa sababu mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Mto ni mmoja, mheshimiwa," nikasema. "Ng'ambo hii watu huchota maji ya kunywa, ng'ambo ile hufulia nguo. Maji ni yale yale, na hakuna anayeushtaki mto."

Nilikuwa bado sijafunga mdomo, chumba kizima kikapiga makofi. Tindwa alifuta uso kwa leso, akasema iandikwe, na karani akaiandika kuwa Sababu ya sitini na moja. Mzee Kilongola akahukumiwa miaka kumi na miwili, mmoja kwa kila kilo.

Walipompitisha mbele yangu akasimama kidogo. Sikuona hasira yoyote.

"Umesema vizuri, mzee mwenzangu," akaniambia. "Hata mimi nimekuelewa."

*

Niliondoka nchi ile baada ya siku tatu. Kwenye dirisha la vibali karani alinigongea muhuri bila kuuliza kitu, akasimama, akaniita Baba. Kiti cha kuegemea nilikiacha, na nasikia kimewekwa kwenye jumba la makumbusho, na mbele yake wameacha nafasi wazi.

Njia ya kutoka mjini inapita sokoni. Sikitu alikuwa pale, amekaa chini kwenye gunia, mbele yake mkoba wa ngozi wa baba yake na mzani wa muuza mchele aliokuwa ameufungua. Watu walikuwa wamesimama kando na mizani yao wameifunika kwa khanga, wanasubiri zamu bila kutazamana. Alikuwa ameweka jiwe la kilo upande mmoja, anakaza skurubu kidogo, anauacha mshale utulie, anakaza tena.

Nilitaka kupita. Kivuli changu kikamwangukia mikononi, akainua uso.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, na akapiga magoti kidogo pale pale alipokaa, kama Ijumaa zote.

Nimepita nchi tatu tangu siku ile, na sababu za kila kitu bado watu wananiuliza. Marahaba yake sijaitika hadi leo.